Gitaa Kwenye Mgongo wa Kochi

11 Februari

Kwako Dada,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umesimama, maana wewe ukikaa ni lazima uwe unashona. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu anayelala saa ambazo wenzake wanaamka. Hoteli imejaa wageni, bendi inapiga kila jioni, na Kapteni wetu, kiongozi wa bendi, bado anavaa lile koti jeupe na bado anaamini sisi wengine ni mapambo yake. Mama hajambo? Mgongo wake? Mwambie sweta aliyonifumia naivaa. Usimwambie naivaa ndani ya nyingine.

Najua umeshtuka kuona bahasha. Simu yako ulisema ilitumbukia kwenye ndoo ya gundi, na ya Mama unaijua: hawezi kuongea bila kuweka spika, na mtaa mzima unajibu. Hili jambo Mama asilisikie. Kwa hiyo kaa, soma taratibu.

Mkono wangu wa kulia unakufa, Dada. Ulianza kidole gumba, ganzi kama ya mkono uliolaliwa. Nikapuuza. Sasa imeingia kidole cha pili na cha tatu. Kile kikucha cha plastiki tunachopigia nyuzi nakishika kwa kukitazama. Nikiangalia pembeni, sijui kama bado kipo. Nimekwenda hospitali. Wanasema mshipa wa fahamu umebanwa shingoni na dawa yake ni kupasua. Nikipasuliwa kabla mwaka haujaisha, vidole vinaweza kurudi. Baada ya hapo daktari alitikisa kichwa tu.

Shingoni, Dada. Wewe unakumbuka Baba alivyoingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake, kwa kijambo kidogo tu, akatutania mlangoni. Unakumbuka alivyotoka. Ndiyo maana Mama asijue.

Hospitali inataka ilipwe kwanza. Nina kitu kimoja tu duniani chenye thamani hiyo, nacho kiko kwako: lile gitaa la umeme nililopewa badala ya mishahara hoteli ya zamani ilipofungwa. Unakumbuka nilikwambia yalitengenezwa hamsini tu, na langu lina namba kumi na tisa nyuma ya kichwa. Hapa mjini kuna daktari wa meno anayakusanya. Ana magitaa mengi ukutani kuliko viti vya wagonjwa, na hajui kupiga hata moja. Anasema haya ya idadi maalumu hayashuki bei kama mengine. Alitaja bei, nikaomba aitaje tena. Inatosha operesheni na kulala mpaka nipone.

Ila naogopa kumwamini. Nieleze wewe, unayenunua na kuuza: kitu kinaweza kukaa miaka bila kutumika na kikashika bei yake? Na niambie kwamba liko ndani ya sanduku lake, pakavu.

Mdogo wako,
Nyuzi


2 Machi

Mdogo wangu Nyuzi,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikakaa, halafu nikasimama tena. Mama ananiuliza nani amekufa. Nikamwambia ni bili ya umeme.

Hapa tupo. Mama hajambo, mgongo ndio unaomsumbua, kila kiti anakilaumu. Kazi ipo: nina makochi manne ya mgahawa, na mwenye mgahawa anapita kila siku kuyaangalia kana kwamba yataota mabawa. Cherehani inalia kuanzia asubuhi. Nilipomaliza kukusoma niliizima, nikasikia moyo wangu mwenyewe.

Mbona umekaa kimya muda wote huo? Mpaka vidole vitatu! Wewe ni mtu mzima au ni mzigo wa posta? Nina hasira na wewe, na hasira yenyewe ni woga, usinijibu. Tangu juzi nikiinua mkasi naangalia kidole gumba changu.

Umeniuliza kuhusu bei. Nitakwambia ninachokijua. Mimi kochi langu likitoka mlangoni hapa, kabla halijafika kwa mwenyewe, limeshashuka. Hata likae na nailoni yake bila kukaliwa. Sijawahi kuona kitu kinapanda bei kwa kuogopwa kuguswa. Lakini mimi nauza vya kukalia. Huyo wa meno ananunua vya kutazama, na mtu wa kutazama sijui anahesabu vipi. Muulize hivi: watu kama yeye wako wangapi? Wakiwa wanne, basi bei ni ya hao wanne, siku wakichoka imekwisha.

Kuhusu pakavu, tulia. Tangu muuza viatu wa jirani avunjiwe mlango mwaka jana, nililiondoa kwenye sanduku. Lile sanduku linapiga kelele lenyewe kwamba ndani kuna mali. Nililiweka mahali ambapo mwizi hawezi kufikiria. Liko ndani ya mgongo wa kochi la Mama, la sebuleni. Nililifungua kwa nyuma, nikalaza gitaa, nikalizungushia sponji nzito pande zote, nikapiga gundi pembeni lisicheze, nikashona juu kitambaa kipya cha reksini. Hakuna fundi atakayeona. Mama analiegemea kila siku na hajui. Sanduku tupu liko juu ya kabati, mwizi akitaka alichukue.

Kula vizuri. Mkono usiulalie.

Dada yako


30 Machi

Dada,

Shikamoo. Mama apate nafuu, na mwenye mgahawa akulipe kabla hajakaa. Hapa mvua, wageni wamepungua.

Dada, litoe. Leo hiihii. Ukimaliza kusoma mstari huu weka barua chini ukalitoe, halafu urudi.

Nilimsimulia daktari wa meno kwa kicheko, nikidhani atacheka. Hakucheka. Alivua glovu. Anasema magitaa yale hayakupakwa rangi ya kisasa, yalipakwa vanishi ya kizamani ambayo haikauki mpaka mwisho. Sponji inaila. Reksini inaila. Harufu ya gundi ikifungiwa nayo inailainisha, kidogokidogo, mtu asione. Na bei ya gitaa la idadi maalumu, aliniambia, imesimama kwenye kitu kimoja tu: liwe kama lilivyotoka kiwandani. Mkwaruzo mmoja unapunguza. Rangi ikiharibika, hata namba nyuma ya kichwa haisaidii.

Nilimuuliza swali lako pia. Wako wangapi kama yeye? Akasema, wachache. Akazivaa glovu tena. Akasema wachache ndio uzuri wake.

Anataka picha. Ya mbele, ya nyuma, na ya ile namba. Muombe muuza viatu akupigie kwa simu yake, zichapishwe, nitumie kwenye bahasha. Akiziona tu atatoa nusu.

Jumamosi kikucha kilinidondoka katikati ya wimbo. Niliendelea kupiga kwa kucha zangu. Hakuna mgeni aliyejua, lakini Kapteni aligeuka, na yeye hageuki kamwe. Akanitazama mkono. Nikatabasamu kama punguani. Kila jioni sasa, kabla hata hatujapanda, natafuta pa kujificha. Nakaa nyuma ya spika kubwa, nauficha mkono.

Andika haraka. Niambie kwamba liko salama.

Nyuzi


8 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Kazi, mdogo wangu, na Mama alikuwa na mafua, na posta walifunga kwa matengenezo. Mgahawa wamelipa. Muuza viatu amepata mtoto wa kike, anafanana naye, maskini.

Barua yako ilipofika alikuwa ameshakuja mtu. Nitakusimulia, maana hadi leo nikisikia mlango unagongwa nachungulia kwanza dirishani. Alikuja mchana, shati safi, viatu safi. Akasema anataka kushonesha viti vya gari. Nikamuuliza gari gani, akasema la kawaida. Akaingia sebuleni bila kukaribishwa vizuri, akatazama ukutani, juu ya kabati, akaliona lile sanduku. Akasema, "Huyu ndugu yako mpiga gitaa, vifaa vyake vipo hapa?" Nikasema hapana, huyo hana kifaa, ana maneno tu. Akasema, "Basi nipumzike kidogo." Akajitupa kwenye kochi la Mama.

Nyuzi, kochi likalia. Sauti nzito, ikavuma ndani, ikakaa. Yule bwana akageuka akalitazama. Mama, palepale pembeni yake, akasema, "Springi za siku hizi bure kabisa, na huyu ni mwanangu anajiita fundi." Akaendelea kumenya viazi. Yule mtu akacheka, akaondoka, hakurudi na viti vyovyote. Lakini kabla hajatoka aliubonyeza mgongo wa kochi kwa vidole viwili, hivi, kama mtu anayepima unga.

Ni nani huyo? Nani mwingine anajua? Nimeweka komeo la pili. Nikienda dukani naona watu wenye viatu safi kila mahali.

Barua yako ilikuja siku iliyofuata. Nililitoa. Limetoka. Lipo.

Picha nitatuma, simu ya muuza viatu ina ufa kwenye kamera. Nakuuliza tu jambo, kwa kujua tu: huyo wa meno akisema rangi ikiharibika, anamaanisha imeharibika kwa kiasi gani? Na akiuziwa mtu wa kawaida, mpigaji, asiyejali rangi?

Mwandiko wako umebadilika. Herufi zinalala. Barua ya kwanza hazikuwa hivi.

Mama anasema tangu nilipotengeneza kochi upya mgongo umepona. Anasema kulikuwa na kitu kinamchoma.

Dada yako


29 Julai

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa, nisamehe. Hongera kwa muuza viatu. Mama aendelee kupona.

Mwandiko ni kwa sababu nilikuwa naandika kwenye basi. Hii pia.

Yule mtu usimwogope. Hatarudi. Usiniulize zaidi.

Picha si lazima tena. Daktari wa meno amesafiri, atarudi sijui lini. Hakuna haraka. Kama hujalipiga picha usilipige, liweke kwenye sanduku, liache. Bei iko palepale, haijatikisika, hayo ya idadi maalumu yana subira. Usihangaike kulitafutia mnunuzi huko, watakulalia. Tena usitoe komeo la pili, ila kwa ajili yenu, si kwa ajili ya gitaa.

Mkono ni uleule. Hospitali wananipangia wiki ya kwanza ya Septemba kama nitakuwa tayari. Nisipokuwa tayari wampe mwingine, foleni ni ndefu. Nimewaambia nitawajulisha. Kuna watu wanaishi bila kupiga gitaa, Dada, wengi tu, nawaona mitaani wanatembea.

Bendi ni njema. Kapteni anawasalimu.

Nyuzi


19 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, na safari hii marahaba ya furaha. Keti.

Limeuzwa!

Usinitukane kwanza. Najua ulisema nisimtafute mtu, lakini sikumtafuta, alikuja mwenyewe. Bwana mmoja mstaarabu, mhasibu, miwani minene. Alisikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Naye ni wa kutazama kama yule wako wa meno. Alivaa glovu nyeupe kulishika, akaitazama namba kwa kioo cha kukuza, akasema kumi na tisa, kumi na tisa, kama anasali. Nikamwambia bei aliyosema daktari wa meno. Nilijua atashusha. Hakushusha! Akasema ndiyo bei yake, haya hayashuki. Nikalifunga vizuri ndani ya sanduku lake, akaondoka nalo amelikumbatia.

Pesa zote nimekutumia leo asubuhi kupitia benki. Zitakuwa zimefika kabla ya barua hii. Usizigawe. Usimkopeshe mwanamuziki. Nenda hospitali kesho, uwaambie uko tayari, tena uwaambie dada yako amesema washone vizuri, uzi wa kufichwa kwa ndani.

Sasa nikwambie ukweli mmoja. Naogopa. Niliota Baba yuko mlangoni pale hospitali ananitania, nikaamka nimeuma shuka. Nusu yangu inataka uende, nusu inataka nikufungie kwenye kabati. Lakini nenda. Mtu mwenye mikono kama yako hawi wa kutembea tu mitaani.

Mama hajui kitu. Anauliza mbona siku hizi sipigi kelele za cherehani. Nimemwambia iko kwa fundi.

Niandikie siku utakayolazwa, ili nijue siku ya kutokula.

Dada yako


4 Septemba

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa mkono wa kushoto, kitandani, wodini. Usishangae maandishi ya mtoto wa chekechea. Wamenilaza leo. Ni kesho asubuhi, wa pili kwenye zamu.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Yule mhasibu wako umempamba vizuri, hasa glovu. Ila nakwambia sasa jambo ambalo nililikalia.

Gitaa halikuuzwa kwa bei ile. Najua, kwa sababu bei ile haipo tena duniani tangu mwanzo wa Julai. Kiwanda kimetangaza kwamba kimelitengeneza tena. Gitaa lilelile, mbao ileile, rangi ileile, mamia kwa mamia, kwa kuwa wateja wameomba. Daktari wa meno alinionyesha kwenye jarida, huku amemwacha mgonjwa na mdomo wazi kwenye kiti. Akasema ya hamsini ya kwanza watu wake wanayauza haraka kabla hayajashuka zaidi, naye ameuza mawili kwa hasara. Akanipigapiga begani. Akasema, "Sasa lako ni gitaa zuri tu." Gitaa zuri tu, Dada, halifiki hata nusu ya nusu. Hakuna mtu mwenye miwani, minene au myembamba, angelipa ile bei mwezi wa Agosti.

Sikukwambia kwa sababu ulikuwa unaweka makomeo. Ulikuwa unaogopa mlango kwa ajili ya kitu ambacho hakuna mwizi angekisumbukia, nikashindwa kukwambia kwamba uliogopa bure. Na yule mwenye viatu safi alitumwa na daktari wa meno kuhakikisha gitaa lipo. Anwani nilimpa mimi. Hilo nalo niliona aibu.

Na Kapteni hawasalimu. Alinitoa kwenye bendi mwezi wa Juni. Nakaa mlangoni, nakata tiketi kwa mkono wa kushoto, nasikia wanavyopiga nyimbo zangu.

Pesa zilipofika nilitaka kuzirudisha siku ileile. Nilishafika hadi mlango wa benki. Nikasema kwanza ninywe chai. Kikombe kikanidondoka na sikujua. Nilijua nilipokisikia sakafuni. Watu wote wakanitazama, nami nikatazama mkono wangu ulivyobaki hewani umeshika kitu ambacho hakipo. Nikaogopa, Dada. Niliogopa kuliko nilivyoona haya. Nikageuka, nikaja hospitali, nikalipa.

Umeuza nini? Niambie. Nilitaka unijibu kabla hawajanipasua, lakini posta ni posta, barua hii itakufikia yote yameshapita, vyovyote yatakavyopita. Naogopa sana. Mgonjwa wa kitanda cha pili anakoroma kama hana shida na mtu. Simu wamechukua, wanasema hairuhusiwi mpaka mtu atoke wodini.

Kama mambo yataenda kama ya Baba, Mama mwambie wewe, na umwambie polepole. Usimpe simu.

Nyuzi


17 Septemba

Mdogo wangu,

Sijui namwandikia nani. Sijui kama nianze na marahaba. Marahaba basi, marahaba mara kumi, popote ulipo.

Barua yako imefika leo. Ulipasuliwa tarehe tano. Leo ni kumi na saba. Kila siku nimekwenda kwa muuza viatu kupiga simu yako, na yule mwanamke wa mashine ananiambia haipatikani. Nimeanza kumchukia kama mtu ninayemjua. Hospitali walipokea mara moja, wakasema subiri, nikasubiri mpaka salio likaisha. Na simu ya Mama ikiita nyumbani, naweka kazi chini. Juzi iliita, Mama akaweka spika, sauti ya mwanamume ikasema, "Hapo ni kwa ndugu wa..." nikaangusha mkasi. Alikuwa anatafuta nyumba nyingine.

Umeniuliza, nami nakujibu, maana tukiendelea kufichana hivi tutakufa kwa adabu.

Nilipofungua mgongo wa kochi, sponji ilitoka na rangi. Ilikuwa imelainika yote, imevutika kama utando wa juu ya maziwa. Mbele yote, na nyuma mpaka kwenye mabega. Nikapagawa. Mimi ni fundi, na fundi wa makochi akiona gundi imeganda mahali, anajua dawa ni moja, tina ya kuyeyushia. Nikachukua kitambaa na tina nikafuta. Nyuzi, nilimaliza kabisa. Kilichobaki ni mbao na namba kumi na tisa. Nikakaa sakafuni nikalia mpaka Mama akauliza ni vitunguu gani hivyo.

Ningekwambiaje? Mkono wako ulikuwa ndani ya lile gitaa, na mimi ndiye niliyeushonea kwenye sponji na kuufutia kwa tina. Uliposema bei iko palepale nilizidi kuumia. Niliona kitu chenye bei imara, nami nimekiua kwa mikono yangu. Kumbe kilikuwa kimekufa chenyewe. Ungenambia! Ningelala angalau.

Niliuza cherehani. Ile kubwa, pamoja na pampu ya upepo na meza ya kukatia. Wameichukua wa viti vya magari. Nashona kwa mkono. Kochi linalochukua siku mbili sasa linachukua wiki, na wateja wananiambia mshono umependeza, wajinga. Mama nimemwambia fundi anasubiri kipuri. Sidhani kama anaamini. Jana alikaa kando yangu, akachukua sindano, akaanza upande wa pili.

Usithubutu kuhuzunika kuhusu cherehani. Chuma kile kinapatikana. Nataka kujua kama uko hai. Niandikie mstari mmoja, hata neno moja. Ila andika wewe. Bahasha ikija na mwandiko wa mtu mwingine juu yake, nitaiweka juu ya kabati na sitaifungua maisha yangu yote.

Dada yako


26 Septemba

Dada,

Nimeandika mwenyewe juu ya bahasha. Mkono wa kulia. Imenichukua asubuhi nzima na bahasha tatu, na mtu wa posta atadhani kuku amepita juu yake, lakini ni mimi.

Shikamoo. Nipo.

Nilichelewa kwa sababu siku za mwanzo nilikaa na shingo imefungwa kama chupa, sikuruhusiwa hata kugeuka. Halafu mkono ulikuwa kimya. Ganzi ileile. Daktari alikuja, akaugusa, akaandika, akaondoka. Siku baada ya siku. Nikajua tumepoteza vyote, gitaa, na cherehani ambayo sikuwa nimeijua bado, na mkono. Sikutaka kukuandikia hilo. Nililala nimegeukia ukuta.

Barua yako waliniletea jana. Nilikuwa naisoma, nimefika kwa Mama na sindano, muuguzi akaja na pini yake ya kila siku ya kupimia. Sikumtazama hata. Akachoma kidole gumba.

Nikapiga yowe, Dada. Wodi nzima ikageuka, na yule mkoromaji akaamka. Muuguzi mwenyewe aliruka nyuma, akaanza kuniomba samahani, damu imetoka, tone dogo. Ilikuwa inauma mpaka kwenye kiwiko. Nililia mbele za watu bila haya.

Nikamwambia achome tena. Akasema wagonjwa wote humwomba aache. Nikamnyooshea kidole cha pili.

Nyuzi